Mkono wa Mweka Hazina

Tulimwacha Nadira amepiga magoti kando ya kitanda chake pale Ngoingwa, hundi zote zimemwagika juu ya shuka, na jina lililo kwenye kila moja si lake.

Usiniulize tena kama alisoma vizuri. Alisoma, akarudia, kisha akamwita jirani yake Magdalene, naye akasoma kwa sauti. Gerishon. Gerishon. Gerishon. Kila hundi ya msafiri, yale makaratasi ya kwendea ng'ambo bila kubeba noti, ilikuwa imetiwa sahihi ya Gerishon kwenye mstari wa juu. Mstari wa chini ulikuwa mtupu.

Na Gerishon haendi Bombay. Wanaokwenda Bombay ni Nadira na binti yake Amida, mtoto wa darasa la pili mwenye tundu kwenye moyo, na ndege yao ni kesho alfajiri. Hospitali ya huko imeshasema: pesa kwanza, kisu baadaye. Pesa zisipofika mezani Jumatatu, kitanda cha Amida atapewa mtoto mwingine.

"Huyu mzee ametuibia," Nadira alisema.

"Angetaka kuiba si angebaki nazo? Mbona akuletee bahasha mpaka mlangoni?"

"Basi kwa nini kuna jina lake?"

Magdalene alianza kuziokota hundi moja moja. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa la aibu.

Wale mlioniandikia barua hapa gazetini mkisema Gerishon ni mwizi, kaeni chini kidogo. Mnajua kwetu pesa ya mchango haishikwi na mwenye shida. Hushikwa na mweka hazina. Majirani wa Ngoingwa walichanga, wenzake Nadira wa kiwanda cha nguo wakachanga, watu wa msikiti wakachanga na watu wa kanisa wakachanga. Gerishon akakabidhiwa zote azipeleke Nairobi zikageuzwe hundi. Alikwenda na pasipoti yake, ile aliyoitengeneza alipokwenda kuhiji Yerusalemu. Karani akamwambia weka sahihi hapa, naye akaweka. Aliporudi kamati nzima ilimpigia makofi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani atakayepanda ndege.

Magdalene alikuwa kwenye kamati hiyo. Alipiga makofi kuliko wote.

Nje, honi ililia. Ilikuwa pikapu ya Tahir, kaka wa marehemu mume wa Nadira, mtu anayependa kuonekana kwamba ana suluhisho, na habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shemeji, wacha kulia," alisema akiwa bado mlangoni. "Wewe hujui kwamba mimi nina kadi?"

* * *

Keshia wa benki pale Thika mjini aliitwa Emmah, msichana mpole mwenye miwani mizito. Alizipekua hundi moja moja, na Nadira alimtazama usoni namna unavyomtazama daktari kabla hajasema.

"Hizi hazitakusaidia, mama," Emmah alisema. "Angalia. Huu mstari wa juu alisaini siku alinunua. Huu wa chini anasaini siku ya kutumia, mbele ya yule anamlipa. Yule anaangalia sahihi zote mbili, anaangalia pasipoti, anaangalia uso. Kama ni mtu mmoja, analipa. Kama si mtu mmoja, hakuna kitu."

"Na akinisainia huo wa chini leo, nikaenda nazo hivyo?"

"Hapo zimeharibika kabisa. Cheki ikifika kwangu imesainiwa chini na sikuona kwa macho yangu ikisainiwa, siigusi. Na Bombay hawataigusa."

Tahir alikohoa. Akaingiza vidole mfuko wa shati na kuitoa ile kadi taratibu, kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba.

"Weka hizo karatasi kando, dada. Atalipa na hii. Mimi nitamalizana na benki pole pole."

Emmah aliigeuza. "Hii ni ya kutumika Kenya peke yake. Wameandika hapa nyuma."

"Lakini nimenunua tairi nayo juzi."

"Tairi za hapa."

Magdalene akageuka kutazama ukuta, maana wakati ule haukuwa wa kucheka. Tahir hakukata tamaa. Alichomoa noti ya dola iliyokunjwa ndani ya gazeti, akailaza kaunta. Kuna mfanyabiashara wa nguo, Abdulnasir, alikuwa tayari kuwakopesha nyingi kama hiyo, na Nadira angezishonea ndani ya gauni.

"Hii ni ya zamani, ya kichwa kidogo," Emmah alisema. "Siku hizi wanataka zile mpya za kichwa kikubwa. Hizi kuna mahali wanakukata na kuna mahali wanakurudishia. Na mambo ya kubeba keshi yote, mama, na mtoto mgonjwa, katika mji hujui? Ukisinzia tu kwenye benchi ya hospitali umekwisha. Beba kidogo ya teksi na chakula. Kubwa yote iwe cheki, kwa jina lako."

"Sasa nitapata wapi za jina langu?" Nadira aliuliza.

Emmah alitazama saa ya ukutani, kisha akainama karibu na kioo.

"Nileteeni huyo mzee. Aje na pasipoti yake, asaini hapa mbele yangu, nitazinunua zote na kukuandikia mpya. Lakini tunafunga saa tisa. Kuna simu huko kwake? Nipe namba, nitaongea na meneja kwanza." Akachomoa karatasi ndogo kutoka katikati ya zile hundi. "Na hii risiti ya namba mliiweka pamoja nazo kwa nini? Uzuri wa hizi cheki ni mmoja tu. Zikipotea, zikiibiwa, hata zikiungua, mwenyewe anapiga ripoti na anapewa zingine. Lakini lazima awe na hizi namba. Iweke mbali na cheki. Mbali kabisa."

Nadira aliipokea akaishika kwenye kiganja. Walipofika nje, upepo ukaipeperusha, Magdalene akaikanyaga kabla haijaingia mtaroni.

"Unaona? Mbali ni wapi sasa? Itapotea hii," alisema. Akachomoa pini ya nywele kichwani mwake, akaibana risiti pamoja na hundi, akazirudisha zote ndani ya bahasha. "Hapo hata wewe utalala usingizi."

Nadira alikubali. Mimi pia ningekubali.

* * *

Amida alikuwa akiwangoja ndani ya pikapu, kichwa amekilaza dirishani. Midomo yake ilikuwa na ile rangi ambayo Nadira alikuwa amejifunza kuiogopa, rangi ya zambarau.

"Mama, Bombay kuna chapati?"

"Ndiko zilikotoka."

"Basi twende."

Tahir alikanyaga mafuta. Barabara bado ilikuwa na mashimo yaliyoachwa na mvua za El Nino, na kila walipoingia shimo Nadira alimkumbatia mtoto kifuani, asitikisike. Njia nzima alikuwa akimpangia Gerishon maneno. Aliyapanga vizuri, makali mbele, ya kumalizia nyuma. Alitaka kumuuliza ni mtu gani anayeweka jina lake juu ya moyo wa mtoto wa mwenzake.

Walipofika Ruiru alimwacha Amida na Tahir, akaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Gerishon bila kubisha, Magdalene nyuma yake, na maneno yote yakamponyoka.

Gerishon alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa leso ya mkewe, na plasta nyeupe ilianzia kwenye kiwiko ikameza hata vidole.

"Mama Amida, bado hujasafiri?" alisema. "Karibuni. Mniwie radhi sikuja kuwaaga. Nilianguka ngazi nikipanga mabati, siku chache baada ya kukuletea ile bahasha."

Nadira alimwambia yote akiwa amesimama. Alimwambia habari ya mstari wa juu na mstari wa chini, na kwamba lazima atie sahihi mbele ya keshia kwa macho yake, si kabla. Gerishon alisikiliza bila kupepesa macho. Alipomaliza, mzee yule alikuwa amepungua palepale alipoketi.

"Ngai, Mungu wangu," alisema polepole. "Mimi nilifikiria ni kama cheki ya kawaida. Ukisaini umemaliza. Na nilisaini vizuri, nikahakikisha kila moja."

Alichana kipande cha mfuko wa saruji, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto na kujaribu. Yaliyotoka hapo hayakuwa jina la mtu. Alijaribu tena, yakawa mabaya zaidi.

"Plasta inatoka lini?" Magdalene aliuliza.

"Mwezi ujao."

Mwezi ujao, kitanda kitakuwa na mtoto wa watu.

Gerishon aliinuka. Alitazama ukutani, mahali alipotundika vifaa vya kuuza, akapita nyundo, akapita misumeno, akatungua mkasi mkubwa wa kukatia mabati.

"Magdalene, njoo huku stoo unishikie."

"Baba Kagwe, hapana," Nadira alisema. Yule aliyekuja kumtukana sasa alikuwa akimsihi. "Mfupa haujashika. Utakuwa kilema."

"Nilisimama mbele ya watu nikasema hizi pesa zitafika," Gerishon alisema. "Huu mkono utaungwa tena. Wewe weka bahasha hapo, usiipoteze."

Akaingia stoo. Magdalene akamfuata huku akijifunika mdomo.

* * *

Sasa aliingia Waithira, mkewe Gerishon, akitokea uani ambako lori lilikuwa likipakia saruji. Dereva alimfuata na risiti yake ya mzigo. Waithira akachukua kalamu na kuandika jina la mumewe, ile G kubwa ameiviringisha kwa mkupuo mmoja, ule mkia wa mwisho ameuvuta chini. Dereva akaenda zake. Tangu mumewe aanguke, sahihi ya Gerishon ilikuwa ni Waithira, na wateja wa miaka nenda miaka rudi walikuwa hawajaona tofauti.

Nadira alimwona akiandika. Aliona, lakini akili yake ilikuwa stoo, ambako chuma kilianza kuuma plasta, krr, krr, na kila mara sauti ya mwanamume ikijizuia.

"Nini hiyo?" Waithira aliuliza.

"Ni Baba Kagwe. Anakata plasta."

"Ati anakata?"

"Ili asaini hizi za Amida." Nadira alizitoa hundi akamwonyesha. "Huu mstari wa chini hapa, wote. Benki inafunga saa tisa, na ni lazima asaini—"

"Shemeji!" Tahir aliita kutoka nje. "Njoo haraka."

Nadira alikimbia, akaziacha hundi juu ya kaunta. Alikuwa amebakiza maneno machache mno mdomoni, yale ya "mbele ya keshia", na aliondoka nayo.

Amida alikuwa amejikunja kwenye kiti, akivuta pumzi fupi fupi, kucha zimeiva zambarau. Nadira alimvua viatu, akamsugua nyayo, akamwinua magoti mpaka kifuani kama daktari alivyomfundisha. Tahir alimpepea kwa gazeti. Nadira alisoma dua zote alizozijua na nyingine alizozitunga papo hapo. Polepole pumzi zikarudi, moja, nyingine, ndefu kidogo.

"Nimechoka, mama," mtoto alisema.

"Najua. Kesho utalala ndani ya ndege."

Alipomwambia hivyo aliamini. Nataka mlikumbuke hilo, kwamba kwa muda mfupi pale Ruiru mwanamke huyu aliamini.

Alirudi dukani wakati Gerishon anatoka stoo. Mkono ulikuwa uchi, mwembamba, umepauka na kupinda kidogo mahali usipopaswa kupinda. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Nyuma yake Magdalene alikuwa akilia kimya kimya. Gerishon alifungua vidole na kuvifunga, na akatabasamu.

"Vinasonga," alisema. "Twendeni."

"Wewe mzee, ukaamua kujiua kwa sababu ya kusaini tu?" Waithira alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, macho yana machozi, kalamu mkononi. Mbele yake hundi zilikuwa zimepangwa vizuri na kubanwa tena kwa ile pini. "Sikuweza kukusikia ukiumia hivyo. Nimekumalizia. Nimesaini zote."

Gerishon aliifungua ile ya juu. Pale chini palikuwa na jina lake, limeandikwa vizuri kuliko alivyowahi kuliandika mwenyewe. Akafungua ya pili. Akafungua ya katikati. Akazirudisha kaunta kwa mkono wa kushoto, taratibu sana.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" Waithira aliuliza. "Si ni mimi husaini?"

Magdalene alikalia sanduku la misumari. Nadira alitaka kumpiga yule mama, tena alitaka kumkumbatia alie begani kwake, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alibaki amesimama. Ni Gerishon aliyemweleza mkewe, kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. Waithira alisikiliza, kisha akaiweka kalamu kaunta na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Simu ya duka ikalia.

Nadira ndiye aliyekuwa karibu.

"Mama Amida? Ni Emmah wa benki. Meneja amekubali. Hata mkichelewa kidogo tutawafungulia mlango wa nyuma." Sauti ya msichana ilikuwa na furaha. "Mmempata mzee? Hajagusa mstari wa chini, sivyo?"

Nadira alifumba macho. Angeweza kudanganya. Alifikiria, na uongo ukamjia mpaka kwenye ulimi.

"Zimesainiwa," alisema. "Mkewe. Alitaka kusaidia."

"Usizilete hapa," Emmah alisema, sasa kwa kunong'ona. "Nikiziona hivyo ni lazima nimwite meneja, na meneja ni lazima aite polisi. Sikusikia ulichoniambia. Mungu wangu, mama. Afadhali hata zingepotea."

"Anasema afadhali zingepotea," Nadira alirudia, midomo ikisema yenyewe, bila kumlenga mtu.

Lakini Gerishon alikuwa akisikiliza. Mtu aliyekwisha kukata plasta yake kwa mkasi wa mabati hangoji kuambiwa mara mbili. Chini ya kaunta palikuwa na jiko la makaa, birika la chai limekaa juu yake. Alilisukuma birika kwa mguu, akaunyakua ule mzigo mzima wa hundi kwa mkono wa kushoto, akautupa kwenye makaa.

"Mwambie zimeungua," alisema. "Jiko limeziangukia. Mwambie mimi mwenye hundi niko njiani na pasipoti, niandikiwe zingine."

Moto ukashika kona moja, ukaanza kutambaa. Nadira aliona sahihi za Waithira zikijikunja na kuwa nyeusi, na moyo wake ukapata nguvu kwa mara ya pili siku ile. Kwani si Emmah mwenyewe aliyesema? Zikiungua, mwenyewe anapewa zingine.

"Emmah, zimeungua," alisema kwenye simu. "Sasa hivi. Zote."

Emmah alivuta pumzi. Alikuwa msichana mwepesi wa kuelewa.

"Basi mzee aje upesi, apige ripoti kabla hatujafunga. Aje na pasipoti na ile karatasi ya namba. Bila namba siwezi kitu, itabidi waandike barua ng'ambo, na hiyo ni wiki nyingi." Akasita. "Uliiweka mbali, sivyo?"

Nadira alimtazama Magdalene.

Magdalene alipeleka mkono kichwani, mahali ambapo pini yake ya nywele haikuwepo.

Hakuna aliyeweza kumzuia Nadira. Aliiachia simu, akapiga magoti, akaingiza mkono wa kulia katikati ya makaa mekundu mpaka kifundoni. Hakupiga kelele. Alipekua. Gerishon alimvuta bega, Waithira akamwagia jiko chai yote ya birika, na duka likajaa mvuke na harufu ambayo sitaiandika gazetini.

Alipotoka kwenye moshi ule alikuwa ameshika kitu. Ngumi ilikuwa imefumbwa, nyekundu na nyeusi, na Magdalene alipojaribu kuifungua ili waone kama ni risiti au ni jivu, vidole havikukubali.

Simu ilikuwa ikining'inia kwenye waya wake, ikizunguka polepole kando ya kaunta, na sauti ya Emmah ilisikika humo ndogo, yenye haraka, yenye matumaini.

"Mama Amida, uko? Usimtume mzee peke yake. Njoo na wewe. Zile mpya ni za jina lako, na ni lazima uzisaini hapa mbele yangu, kwa mkono wako mwenyewe."

Nadira aliutazama mkono wake wa kulia.